Sodiamu "anatoa" au "inatoa"? Kubuni wahusika kutokana na elementi za kemia

Mwanafunzi akiichora dhahabu kama malkia mwenye taji, mchoro utapendeza lakini somo halitakuwepo. Taji linasema dhahabu ni ghali, jambo ambalo kila mtu alilijua kabla ya kuingia darasani. Halisemi kwamba sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, wala halielezi kwa nini pete ya bibi haijapata kutu. Hilo ndilo kosa linalorudi mara nyingi kuliko yote katika kazi hii: mhusika anatokana na sifa za jina, si sifa za elementi.

Dawa yake ni kanuni moja ambayo hatuilegezi. Kila alama kwenye mchoro, iwe kifungo, nywele au unene wa mstari, lazima ijibu swali "umeitoa wapi?" Jibu liwe namba au tabia iliyopimwa. Alama isiyo na jibu inafutwa, hata kama ndiyo iliyochorwa vizuri kuliko zote. Wanafunzi wenye kipaji cha kuchora huumia zaidi kwa kanuni hii, na wale wanaosema hawajui kuchora huokolewa nayo, kwa sababu mduara wenye mikanda mitatu na kifungo kimoja, alama tutakazozieleza hapa chini, tayari ni sodiamu kamili.

Anza na elementi 20 za mwanzo, hidrojeni hadi kalsiamu. Karatasi kumi za A4 zikikatwa katikati zinatoa kadi 20 za A5, na ukubwa huo haukuchaguliwa ovyo, kama tutakavyoona. Vifaa vingine ni penseli, ufutio, rula, bikari, kalamu nyeusi mbili (nene na nyembamba) na rangi sita: kijivu, manjano, nyekundu, zambarau, machungwa na kijani. Kabla rangi hazijagawiwa, kila kikundi cha watu wanne kinajaza karatasi ya taarifa za elementi zake tano: namba ya atomi, mpangilio wa elektroni, nusukipenyo cha atomi, hali yake katika nyuzi 25, densiti, kiwango cha kuyeyuka, rangi ya elementi ikiwa safi, na rangi ya mwali inapochomwa. Katika kipindi cha dakika 80, tenga 30 kwa karatasi hii. Ukizipunguza ziwe 10, wanafunzi wataanza kuchora kwa kubuni, na kubuni kukishatiwa rangi hakufutiki tena.

Ukubwa wa mwili ndio unaotangulia. Chukua nusukipenyo cha atomi kwa pikomita (sehemu ya bilioni ya milimita), gawanya kwa mbili, na jibu lisome kwa milimita: hicho ndicho kipenyo cha mduara wa kiwiliwili. Lithi ina pikomita 128, hivyo mduara ni milimita 64. Sodiamu, 166, inapata milimita 83. Potasiamu, 203, inapata karibu milimita 102 na ndiyo kubwa kuliko zote 20. Kwenye kadi ya A5 yenye upana wa milimita 148 inabaki nafasi pande zote mbili. Hidrojeni, 31, inakuwa kiduara cha milimita 15 na nusu. Namba hizi ni za nusukipenyo cha kovalenti, yaani nusu ya umbali kati ya atomi mbili zilizoungana. Majedwali mengine hutumia vipimo vya aina nyingine na namba zake zinatofautiana, kwa hiyo darasa zima litumie safu moja ya jedwali moja. Kikundi kimoja kikichukua kwingine, mteremko wa ukubwa unavurugika na hakuna atakayejua kosa liko wapi.

Na mteremko huo ndio wenye somo. Panga mezani kadi za safu mlalo ya tatu ya jedwali la elementi: sodiamu milimita 83, magnesi 70, alumini 60, silikoni 55, fosfori 53, sulfuri 52, klorini 51. Wanafunzi wengi hutarajia kinyume chake: elektroni zinaongezeka, basi mwili utanenepa. Ukweli ni kwamba protoni nazo zinaongezeka kwenye kiini, na elektroni mpya zinaingia kwenye ganda (tabaka la elektroni) lile lile, kwa hiyo zote zinavutwa ndani zaidi. Mwanafunzi aliyeshika bikari na kuipunguza mwenyewe mara sita hahitaji kukaririshwa jambo hilo.

Baada ya mduara inakuja mikanda. Kila ganda la elektroni ni mkanda mmoja, na vifungo vinawekwa kwenye mkanda wa nje peke yake. Idadi ya mikanda inataja safu mlalo, idadi ya vifungo inataja kundi. Oksijeni ana mikanda miwili na vifungo sita. Sulfuri ana mitatu na vifungo sita. Hapo undugu wao unaonekana bila kusemwa. Heli ndiye anayewatega: mkanda mmoja na vifungo viwili tu, ingawa anasimama juu ya neoni na arigoni wenye vifungo vinane. Wapo watakaompa vinane kwa kufuata jirani zake, na wapo watakaompeleka kwa beri kwa kuhesabu vifungo viwili. Mkanda wa kwanza unajaa kwa viwili. Amejaa, basi anakaa na waliojaa.

Mfumo huu una mpaka, na ni vizuri ukasemwa mapema. Tukitaja elektroni za kila mkanda kutoka ndani, potasiamu ni 2, 8, 8, 1 na kalsiamu ni 2, 8, 8, 2. Kuanzia skandi, namba 21, mkanda wa tatu unarudi kuongezewa elektroni wakati wa nne umeshaanza: chuma ni 2, 8, 14, 2 na zinki ni 2, 8, 18, 2. Hapo kuhesabu vifungo vya nje hakukuambii tena kundi. Darasa likitaka kumchora chuma au shaba, na watataka, mwambie mchoraji aandike mpangilio wote kwenye kiuno cha mhusika na asidai kwamba vifungo vinaeleza kila kitu.

Hali ya elementi inaonyeshwa kwa mstari wa nje: yabisi mstari mnene usiokatika, gesi mstari wa nukta, kimiminika mstari wa mawimbi. Kati ya hizi 20, yabisi ni 12 na gesi ni nane, kimiminika hakuna. Katika nyuzi 25 ni bromini na zebaki tu zinazostahili mawimbi. Ila taja nyuzi hizo 25 kwa sauti, kwa sababu mchana wa Januari Dar es Salaam unapita nyuzi 30, na gali huyeyuka katika nyuzi 29.8. Kadi ya gali iliyochorwa kwenye baridi ya Njombe na iliyochorwa Kariakoo, Dar es Salaam, zinaweza kutofautiana mstari na zote zikawa sahihi.

Rangi inaleta ubishi. Elementi nyingi katika jedwali ni metali za kijivu au rangi ya fedha, na mwanafunzi aliyepewa rangi sita hapendi kutumia kijivu. Tumeona njia inayofaa ni kuzigawa kazi mbili. Mwili unapakwa rangi ya elementi yenyewe: sodiamu kijivu cha fedha, sulfuri manjano, klorini manjano ya kijani, florini manjano iliyopauka, gesi zisizo na rangi zinaachwa na weupe wa karatasi. Nywele zinapakwa rangi ya mwali: lithi nyekundu, sodiamu manjano, potasiamu zambarau hafifu, kalsiamu nyekundu ya matofali, boroni kijani. Asiye na rangi ya mwali ana upara. Rangi ya mwali inatokana na elektroni zilizorushwa juu na joto zikirudi chini na kutoa mwanga, kwa hiyo nywele zinakuwa ushahidi wa mikanda iliyo ndani.

Kama maabara ipo na mnaangalia mwali wenyewe, angalieni nywele za manjano zisienee darasa zima. Chumvi iko kwenye jasho la vidole, na chembe ndogo tu ya sodiamu kwenye waya inatosha kufunika zambarau ya potasiamu. Waya usafishwe kwa asidi ya haidrokloriki na kuchomwa mpaka mwali usibadilike rangi, ndipo uchovye sampuli. Potasiamu itazamwe kupitia kioo cha bluu cha kobalti, kinachoizuia manjano.

Mahali mhusika anaposimama napo panapimwa. Sodiamu huhifadhiwa ndani ya mafuta ili isiguswe na hewa wala unyevu. Densiti yake ni 0.97 (gramu kwa sentimita ya ujazo) na ya mafuta ya taa ni karibu 0.8, kwa hiyo achorwe ameketi chini kabisa ya chupa. Potasiamu, 0.86, naye yuko chini. Lithi ni 0.53: huyu huelea hata kwenye mafuta ya taa, na mchoro wa lithi aliyetulia chini ya chupa una kosa linaloonekana kutoka mlangoni. Fosfori nyeupe inakaa ndani ya maji, kwa sababu hewani huweza kuwaka yenyewe.

Sasa kosa la pili kwa ukubwa, nalo ni kuchora kampaundi (elementi zilizoungana) badala ya elementi. Kalsiamu huja kama glasi ya maziwa au jino jeupe. Kalsiamu yenyewe ni metali ya kijivu inayotoa mapovu ya hidrojeni ikiwekwa majini. Klorini huja kama chupa ya dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ambayo ni kampaundi yenye sodiamu na oksijeni pia. Florini huja na meno ya kahawia, kwa kuwa watu wa Arusha na maeneo ya jirani wanayajua meno hayo vizuri. Lakini kilichomo kwenye maji yale ni floridi, ioni (atomi yenye chaji) iliyokwisha kupokea elektroni yake na kutulia, wala si gesi ya florini, ambayo hakuna mtu angeweza kuinywa. Suluhisho si kuvikataza vitu hivi, maana ndivyo vinavyomfungulia mwanafunzi mlango. Viwekwe mgongoni mwa mhusika kama mzigo anaobeba, na mzigo uandikwe fomula yake. Sodiamu abebe gunia la magadi, Na₂CO₃, na hapo kuna zawadi: alama Na inatokana na neno natrium, lililotokana na natron, madini ya magadi ambayo ndiyo yaliyolipa jina Ziwa Natron. Mwanafunzi wa Tanzania aliyekuwa akiuliza kwa nini sodiamu haiandikwi So amepata jibu kwenye ramani ya nchi yake.

Majina yetu wenyewe yana mitego. Kibiriti ni sulfuri, na kibiriti ni njiti za kuwashia, hata kama eneo la kusugulia njiti lina fosfori nyekundu. Risasi ni elementi namba 82 na ndiyo inayotoka kwenye bunduki. Mtego mkubwa ni bati. Bati ni elementi namba 50, alama Sn, lakini mabati ya nyumba ni chuma kilichopakwa zinki, bila bati lolote. Tofauti yake ni ya kikemia na inafaa kuchorwa kama matukio mawili. Kwenye paa, Zinki amemkumbatia Chuma. Bati la paa likikwaruzwa, zinki iliyo pembeni bado inaliwa kwanza, kwa sababu inatoa elektroni kwa urahisi kuliko chuma. Kwenye mkebe wa chakula, Bati amemfunika Chuma kama shuka. Shuka likitoboka, chuma ndicho kinachotangulia kuliwa, na kwa kasi kuliko kama kingekuwa peke yake. Mchoraji akiwapa Zinki na Bati sura moja ya mlinzi, amekosea.

Tumefika kwenye jambo tunaloliona zito kuliko yote, na ni la lugha. Kwa kawaida tunasema sodiamu inayeyuka, sodiamu inawaka. Ikishakuwa mhusika, upatanisho unageuka wenyewe mdomoni: Sodiamu anawaka, Sodiamu kamtupia Klorini elektroni yake. Ni jinsi ile ile ya hadithi ambamo jiwe husema na mti hujibu. Kigeuzi hiki kidogo cha *i-* na *a-* kinaweza kuharibu somo au kulilinda, kutegemea kinavyotumika.

Kinaharibu pale mwanafunzi anapoandika kwenye mtihani kwamba sodiamu "anataka kutoa" elektroni ili "afurahi". Elementi haitaki kitu. Tena hesabu inakataa: kuitoa elektroni ya nje ya sodiamu katika hali ya gesi kunagharimu kilojuli 496 kwa moli (idadi maalumu ya atomi). Klorini inapoipokea inarudisha kilojuli 349. Bado kuna upungufu wa 147. Kama habari ingeishia kwenye kutoa na kupokea, chumvi isingekuwepo. Kinacholipa deni ni ioni za chaji kinyume kukusanyika na kujipanga kuwa fuwele, na hapo hutoka kilojuli zipatazo 787 kwa moli. Yaani sababu ya chumvi iko kwenye mkusanyiko, haiko moyoni mwa Sodiamu.

Basi tunagawa kadi. Mbele ni uwanja wa *a-*: humo Sodiamu ana nywele, anaketi, anatupa. Nyuma ni uwanja wa *i-*, na hakuna kitenzi chenye *a-* kinachoruhusiwa kule: "Elektroni ya nje inaondolewa kwa kilojuli 496 kwa moli. Inayeyuka katika nyuzi 98. Inaelea juu ya maji huku ikimenyuka." Kadi haikubaliwi mpaka kila tukio la mbele liwe na sentensi yake ya nyuma. Zoezi la kutafsiri kutoka *a-* kwenda *i-* linafichua haraka asiyeelewa, kwa sababu "Klorini ana hasira" haina pa kwenda mpaka ujue kwamba ganda lake la nje lina elektroni saba na nafasi moja.

Mchoro wa chumvi wenyewe uangaliwe kwa makini. Karibu kila darasa litachora harusi: Sodiamu na Klorini wameshikana mikono, wawili peke yao. Ni picha tamu na si kweli. Kwenye fuwele ya chumvi hakuna wawili wawili. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na kloridi sita, na kila kloridi imezungukwa na sodiamu sita: kulia, kushoto, mbele, nyuma, juu na chini. Picha iliyo karibu na ukweli ni uwanja uliojaa watu, ambamo huwezi kusema nani ni wa nani. Ukubwa nao unabadilika. Sodiamu akishapoteza kifungo anapoteza mkanda wote wa tatu, na nusukipenyo cha ioni yake ni pikomita 102. Kloridi ni 181. Aliyekuwa mnene sasa ndiye mdogo. Chora kadi mpya za ioni kwa kipimo kile kile, milimita 51 na milimita 90, na usiwaache wabandike vichwa vya zamani juu ya miili mipya.

Mikono tunawachorea wasio metali peke yao, kulingana na bondi wanazofunga kwa kawaida: hidrojeni mmoja, oksijeni miwili, nitrojeni mitatu, kaboni minne. Gesi adimu hawana. Sulfuri mpe miwili iliyo wazi na minne iliyokunjwa kifuani, maana katika asidi ya sulfuriki huhesabiwa kuwa na sita. Kwa klorini kuna jambo jingine la kuangalia: uzito wake wa atomi ni 35.5, na mwanafunzi akiondoa protoni 17 atapata nutroni 18 na nusu, kitu kisichowezekana. Mchoreni mara nne: watatu wa 35 wenye nutroni 18, mmoja wa 37 mwenye nutroni 20. Wastani wao ni 35.5 kamili.

Kadi zikikamilika, funika majina na alama kwa kipande cha karatasi na kikundi kimoja kimpe kingine. Wasomaji wataje elementi na waonyeshe walichohesabu. Wakipatia kwa sababu ya mzigo wa magadi pekee, kadi irudi. Wakipatia kwa mikanda mitatu, kifungo kimoja, nywele za manjano na chini ya chupa, imepita.

Halafu ondoa kadi moja. Mwaka 1869 mkemia Mrusi Mendeleev alipanga elementi 63 zilizojulikana na akaacha nafasi tupu; kwa nafasi iliyo chini ya silikoni, mwaka 1871 alitabiri uzito wa atomi wa 72 na densiti ya 5.5, na germani ilipopatikana mwaka 1886 ilikuwa na 72.6 na 5.3. Wanafunzi wanaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa potasiamu. Waonyeshe lithi na sodiamu tu, kisha wabuni anayefuata. Mikanda minne na kifungo kimoja wataipata wote. Kuyeyuka kunashuka kutoka nyuzi 181 hadi 98, kwa hiyo watasema chini ya 98, na wako sawa: ni 63.5. Densiti ndiyo itakayowaangusha. Inapanda kutoka 0.53 hadi 0.97, basi wengi wataandika 1.4 na kumchora akizama majini. Iliyopimwa ni 0.86. Kutoka sodiamu kwenda potasiamu uzito wa moli unapanda kutoka gramu 23 hadi 39, lakini ujazo wa moli unapanda kutoka sentimita za ujazo 23.7 hadi 45.5, karibu mara mbili. Wape bikari tena, wachore mduara wa milimita 102 kando ya ule wa 83, wapige hesabu ya gramu kwa sentimita ya ujazo wenyewe, kisha wamfute na kumchora upya akielea juu ya maji.